Safari ya Taratibu ya Kupiga Picha Nje ya Nchi, Ukitokea Dar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu wa Dar anayetaka kutoka kidogo nje ya nchi, atazame mandhari bila kukimbizwa, na arudi na picha za kutundika ukutani. Anayetaka kupita nchi tano ndani ya siku kumi, mawakala wapo wengi mjini. Sehemu kubwa inahusu Afrika Kusini, Namibia na Zambia. Huko mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza kwa matembezi mafupi, gari linaendeshwa kushoto kama nyumbani, na mandhari haifanani kabisa na ya kwetu.

Safari ya picha ina tofauti gani na utalii wa kawaida?

Ratiba. Basi la watalii linaondoka hotelini saa tatu asubuhi baada ya chai na kufika mahali saa tano au saa sita, jua likiwa utosini. Hapo vivuli vimekufa, anga ni jeupe, na uso wa mtu una giza machoni. Mpiga picha anataka kuwa pale pale saa kumi na mbili asubuhi na tena jioni. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni "nitalala wapi?", na vivutio vifuate baadaye.

Ukilala mwendo wa dakika kumi kutoka mahali unapotaka kupiga, utakwenda mara tatu au nne na mara moja wapo mwanga utakukubali. Ukilala mwendo wa saa mbili utakwenda siku moja tu, na siku hiyo ndiyo mawingu yatajaa. Kanuni ninayowapa watu: wiki mbili, malazi yasizidi manne. Najua inauma kulipa nauli yote ile ya ndege halafu uambiwe usizunguke sana. Lipa, kisha tulia.

Ni mara yangu ya kwanza kutoka. Niende wapi?

Cape Town na jimbo lake la Western Cape. Ndani ya mwendo mfupi wa gari una mlima, bahari, mashamba ya zabibu, jangwa dogo na mji wenyewe. Ndege nyingi kutoka Dar zinakupitisha Johannesburg au mji mwingine kwanza, kwa hiyo siku ya kusafiri ihesabu kama siku iliyokwisha. Usijipangie machweo siku hiyo.

Mgawanyo ninaoupenda ni huu. Usiku tano Cape Town. Kisha Hermanus, kama kilomita 120 hivi, usiku mbili. Kati ya Juni na Novemba nyangumi wanasogea karibu na miamba hadi unawapiga ukiwa umesimama nchi kavu, bila kukodi boti. Kisha unashika barabara kuu ya N2 kuelekea Garden Route, ukanda wa pwani ulio mashariki, na kukaa Wilderness au Knysna usiku tatu. Huko kuna rasi, misitu na ukungu wa asubuhi juu ya maji. Kurudi usipite njia ile ile. Pita bara, Oudtshoorn, ulale hapo usiku mbili, na upande Swartberg Pass. Hii ni barabara ya changarawe iliyojengwa chini ya usimamizi wa Thomas Bain na kufunguliwa mwaka 1888. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila saruji bado zinashikilia kona mpaka leo, na kileleni ni mita 1,583. Uliza kwanza kama iko wazi, maana mvua ikinyesha hufungwa.

Cape Town nipige nini, na saa ngapi?

Hapa ndipo watu wa Dar tunapojichanganya. Sisi jua letu linachomoza baharini: ukienda Coco Beach alfajiri unalipata juu ya maji. Upande wa Camps Bay ni kinyume, bahari iko magharibi, kwa hiyo pwani ile ni ya jioni. Jua likishuka, safu ya vilele vya Twelve Apostles nyuma yako inageuka rangi ya shaba. Wengi wanapiga jua lenyewe na kusahau kugeuka. Geuka.

Table Mountain, mita 1,086, picha yake maarufu inapigwa ng'ambo ya ghuba, Bloubergstrand. Upande unaouona kutoka pale unatazama kaskazini. Mwezi Juni jua linazama kaskazini-magharibi na kuupaka mlima mwanga usoni. Desemba linazama kusini-magharibi na uso ule unabaki kwenye kivuli, ukibakiwa na umbo jeusi tu. Kwa hiyo aliyekwenda Krismasi akarudi na mlima mweusi asiilaumu kamera yake.

Kebo ya kupandia mlimani ipo tangu 1929 na husimama upepo ukizidi. Usiiwekee siku maalumu. Siku ya kwanza utakayoamka ukaona kilele ki wazi na miti haitikisiki, acha kila kitu uende. Chapman's Peak Drive, kilomita 9 zenye kona 114, ni ya kulipia, na mtu anayeendesha hafaidi chochote. Mpe mwenzako usukani. Pengwini wa Boulders, Simon's Town, wapige asubuhi mapema kabla ya mabasi, na kamera ishushe mpaka usawa wa macho yao.

Msimu gani ni mzuri?

Mimi ningechagua katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei. Dar tuko kwenye masika, Jangwani kumejaa maji, na Cape Town ndiyo upepo umetulia na majani ya mizabibu ya Stellenbosch na Franschhoek yanageuka manjano na mekundu. Jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo huhitaji kuamka usiku wa manane. Ukiweza, kwepa wiki ya Pasaka.

Nafasi ya pili ni mwishoni mwa Agosti hadi Septemba. Maua ya porini ya pwani ya magharibi hufunika ardhi kama busati, na sehemu ya Postberg, ndani ya hifadhi ya West Coast, hufunguliwa miezi hiyo miwili tu. Maua hayo hufunguka jua likiwaka, kwa hiyo hapa saa za mchana zinakubalika.

Juni na Julai ni majira ya mvua na baridi ya kweli huko, si ile ya Dar ya kuvaa sweta kwa mapenzi. Jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na linazama saa kumi na mbili kasoro robo. Desemba linazama karibu saa mbili usiku, lakini upepo wa kusini-mashariki unavuma, watu wamejaa na bei zimepaa. Kumbuka pia saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Nasikia mwanga wa jioni unadumu zaidi ukienda mbali na ikweta. Ni kweli au maneno?

Ni kweli. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na jua letu linashuka karibu wima. Ndiyo maana unaegesha gari, unatoa kamera, na limeshakwenda. Cape Town, nyuzi 34, linashuka kwa mshazari na rangi zinakaa zaidi. Ukifika Norwe kaskazini wakati wa kiangazi, ule mwanga wa dhahabu unaning'inia kwa saa nzima nzima, na juu ya mzingo wa Aktiki kuna siku jua halizami kabisa.

Kuna faida yake kwetu: aliyezoea kuwahi machweo ya Dar ana mikono myepesi. Huko atajikuta na muda wa kubadili lenzi, kusogea, hata kunywa chai.

Na Namibia je? Picha za yale matuta mekundu naziona kila mahali.

Nenda, lakini usiifanye safari ya kwanza kama hujawahi kuendesha barabara ndefu za changarawe. Uko peke yako kwa masaa, na gari linaserereka ukizidisha mwendo. Jaza mafuta kila unapokuta kituo, hata kama tangi ni nusu.

Sossusvlei, ndiko yaliko matuta hayo, inaingiwa kupitia Sesriem. Kutoka langoni kuna kilomita 60 za lami, kisha kilomita 5 za mchanga zinazotaka gari la 4x4, au uchukue usafiri wao wa kukupeleka. Tuta linaloitwa Dune 45 liko kilomita ya 45, ndiyo asili ya jina. Jambo la kuamua mapema ni hili: lango la nje linafunguliwa jua likichomoza, lakini anayelala ndani, upande wa pili wa lango hilo, anaruhusiwa kuanza safari kama saa moja kabla. Saa hiyo ndiyo picha yenyewe. Deadvlei ni sakafu nyeupe ya udongo iliyokauka yenye mashina ya migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita. Uzuri wake hutokea pale tuta la nyuma linapowaka rangi ya chungwa huku sakafu na miti bado viko kivulini. Miti inakuwa myeusi tii juu ya chungwa. Jua likishaingia bondeni, mchezo umekwisha. Kwa hiyo lipia malazi ya ndani hata kama ni ghali, ubane matumizi mahali pengine.

Kolmanskop, karibu na Lüderitz, ni mji wa almasi uliohamwa kabisa mwaka 1956, na mchanga umeingia hadi vyumbani. Tiketi ya kawaida ina saa zake. Wapiga picha huuziwa kibali tofauti cha kuingia alfajiri.

Ukiwa kwenye mchanga usibadilishe lenzi nje. Ingia garini, funga vioo, zima feni, ndipo ubadilishe.

Sina hela ya ndege. Naweza kwenda kwa barabara au treni?

Unaweza, na kwa mtu asiye na haraka si njia ya kudharau. Lengo liwe Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko wazungu waliyoyaita Victoria: upana kama mita 1,700 na kimo zaidi ya mita 100. Mabasi ya kwenda Zambia yanapita Tunduma na kuvuka Nakonde. Ukifika Lusaka unachukua basi jingine la Livingstone, kama kilomita 480 hivi.

Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na inaishia New Kapiri Mposhi, kaskazini ya Lusaka. Kabla ya kupanga lolote pita stesheni yao pale Barabara ya Nyerere uulize kama treni ya abiria inatembea mwezi huo. Ukiipata, kipande kati ya Mlimba na Makambako ndicho cha kukaa macho: mahandaki, madaraja, na treni inajikunja mpaka kutoka behewa la nyuma unaiona injini yake. Picha ya treni kwenye kona ipige ukiwa dirisha la upande wa ndani wa kona, mkanda wa kamera ukiwa umezungushwa mkononi, na kichwa kibaki ndani.

Maporomoko yana msimu wake. Karibu na Aprili maji yamejaa mno, unaona moshi mweupe na unaloa kama umeanguka ziwani. Oktoba na Novemba upande wa Zambia unaweza kubaki mwamba mkavu. Juni hadi Agosti ni katikati: maji yapo na unayaona. Usiku wa mwezi mpevu, maji yakiwa mengi, kuna upinde wa mvua unaotokana na mwanga wa mwezi, na hifadhi hufunguliwa usiku kwa ajili yake. Macho yanauona mweupe-mweupe. Kamera iliyokaa juu ya tripodi kwa sekunde kadhaa inautoa na rangi zake.

Ulaya ni lazima niende kwa wakala?

Si lazima. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, unaomba mwenyewe, kupitia nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari. Usisubiri hizo siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu iwe na kiwango cha angalau euro 30,000. Taarifa ya benki ionyeshe maisha yako ya kawaida. Milioni kadhaa zilizoingia kwa mkupuo wiki moja kabla zinaleta maswali. Tiketi ya ndege weka nafasi, usilipe mpaka viza itoke.

Gari nikodi vipi?

Leseni yetu inatambulika katika nchi za SADC. Kinachowakwamisha Watanzania wengi ni kadi: kampuni nyingi za kukodisha magari zinataka kadi ya mkopo, yenye jina la dereva, ili zizuie dhamana. Kadi ya kawaida ya benki wengine wanaikubali, wengine hawaiangalii mara mbili. Waandikie barua pepe kabla na majibu uyachapishe. Ukitaka kuvuka na gari kutoka Afrika Kusini kwenda Namibia, unahitaji barua ya kampuni ya kuruhusu kuvuka mpaka. Iombe siku unapoweka nafasi. Jambo zuri: randi inatumika Namibia moja kwa moja, thamani ni sawa na dola yao.

Kamera sina, nina simu tu. Nijisumbue?

Ndiyo. Kwa mandhari yenye mwanga mzuri, simu nzuri inatosha kwa picha ya ukubwa wa kawaida wa ukutani. Inashindwa kwenye nyangumi, ndege na vitu vya mbali. Kwa hivyo, lenzi ndefu kodi kwa wapiga picha wa harusi hapa hapa mjini. Wengi wanakodisha siku ambazo hawana kazi, mkiandikishana. Ijaribu wiki mbili kabla. Nenda soko la samaki la Feri alfajiri, boti zikiwa zinaingia: kuna mwanga hafifu, watu wanatembea, magamba yanang'aa. Kifaa ukikimudu pale, huko hakitakusumbua.

Lenzi za Dar zina ugonjwa wa ukungu kwa sababu ya unyevu. Imulike kwa tochi kabla hujaikodi. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando ndani ya kioo, iache.

Ndege wananiruhusu nini?

Betri za akiba na pawabanki ni za mkononi tu, kamwe si kwenye begi la kupakia. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100. Pawabanki ya mAh 20,000 ina kama saa-wati 74, iko salama. Ya 30,000 inafika 111, na hapo utahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Maandishi ya uwezo wake yawe yanasomeka, maana iliyofutika wanaweza kuichukua. Begi la mkononi mara nyingi ni kilo 7: kamera ivae shingoni, lenzi tia mifukoni mwa koti, tripodi pakia chini.

Soketi za Afrika Kusini na Namibia ni zile za pini tatu nene za duara. Adapta "ya dunia nzima" ya Kariakoo mara nyingi haina hiyo. Nunua ukifika, dukani kwao.

Nibebe droni?

Iache. Hapa nyumbani kwenyewe inataka vibali, hifadhi za Afrika Kusini na Namibia haziitaki bila ruhusa maalumu, na Morocco wanaikamata uwanja wa ndege.

Kaka, nasafiri na mama. Yeye picha hana habari nazo. Itakuwaje?

Itakuwa safari nzuri kuliko ukiwa peke yako, mkigawana siku vizuri. Alfajiri ni yako. Toka kimya, usimwamshe, rudi na mkate. Kuanzia saa tatu mpaka saa tisa ni za mama: soko, chakula, kupumzika, kupiga simu nyumbani. Mwanga wa saa hizo si wa kugombania. Jioni nendeni pamoja, lakini chagua mahali penye kiti, choo na kitu cha moto cha kunywa. Signal Hill, kilima cha pale Cape Town, unafika kwa gari hadi juu, na yeye anaweza kubaki ndani ya gari akiona kila kitu. Bebea kanga mbili na sweta zaidi ya unavyodhani. Na mpige yeye pia, akiwa hajui. Baada ya miaka kumi hakuna atakayekuomba picha ya pengwini.

Watu ninaokutana nao, niwapige tu?

Omba. Kwa Wahimba kaskazini ya Namibia nenda na mwenyeji, salimianeni, kaeni, ndipo kamera itoke. Watoto usiwapige bila mzazi. Mipaka, askari, madaraja na majengo ya serikali usielekeze hata simu. Na ukienda hifadhini na bibi harusi, gauni na mataa, hiyo ni kazi ya biashara, inataka kibali.

Usalama wa vifaa?

Ukiwa Cape Town ishi kama uko Kariakoo jioni. Kamera isikae kwenye kiti cha gari, hata dakika mbili. Njia za mlimani alfajiri nenda na kundi. Kila usiku nakili picha sehemu mbili, na nakala moja isilale kwenye begi lenye kamera.

Pasipoti, chanjo?

Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita kuanzia siku ya kurudi. Mpya ni shilingi 150,000. Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, beba kila safari. Chanjo yake inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa na sasa ni ya maisha. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali.

Nikirudi forodha wataniambia kamera nimenunua huko?

Inawezekana, hasa ikiwa mpya na umebeba boksi lake. Kabla ya kuondoka andika orodha ya vifaa na namba zake, ambatanisha risiti, na uwaonyeshe maofisa wa forodha uwanja wa ndege waigonge muhuri. Cha kukodi, beba na makubaliano ya kukodi. Boksi liache nyumbani.